Brashi ya kunyolea inanuka na kutoa nywele: angalia shina

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Miezi mitatu iliyopita nilinunua brashi ya kunyolea ndevu ya nywele za mnyama, nikaachana na povu la kopo. Siku za mwanzo nilifurahi. Sasa povu linatoka jepesi na kukauka usoni kabla sijafika kidevuni, nywele zinachomoka na kunibaki shavuni, na brashi yenyewe inanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Nikimaliza huisuuza bombani na kuirudisha kwenye kasha lake, maana bafuni kuna vumbi. Mdogo wangu naye huiazima mara mojamoja. Je, nimeuziwa brashi mbovu? Na ile ya marehemu babu, iliyokaa sandukuni miaka mingi, naweza kuitumia badala yake?"

Ndugu yangu, asante kwa kueleza kinaganaga, hasa hilo la kasha. Brashi yako si mbovu, na nina imani inaokoka. Umetaja matatizo matatu, lakini mawili yana mzizi mmoja. Harufu na povu hafifu vinatoka mahali pamoja, pale chini nywele zinapoingia kwenye mpini, ambapo mimi hupaita shina. Macho yetu huwa kwenye ncha kwa sababu ndiko povu linakoonekana, lakini brashi huishi au kufa shinani.

Niliwahi kuletewa brashi ambayo mwenyewe alishakata tamaa nayo, nikakata kitita cha nywele katikati kwa wembe ili nione ndani. Kwa nje nywele zilikuwa safi, hata zinang'aa. Ndani, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye gundi, kulikuwa na donge jeupe, kavu kama chaki, limekumbatia nywele kiasi kwamba sikuweza kuzitenganisha kwa kucha. Nikalidondoshea maji. Baada ya dakika chache likaanza kuteleza, na ile harufu uliyoitaja ikajaa chumba. Hiyo ni sabuni ya miezi mingi, imechanganyika na mafuta ya ngozi na vipande vya ngozi iliyokufa, haikupata kusuuzwa wala kukauka. Ukiifungia kwenye kasha ikiwa mbichi, umeipa ukungu nyumba ya kukaa.

Kabla ya kuisafisha, tujue ni nywele za nani. Brashi za kunyolea huwa za aina nne: singa za nguruwe, nywele za farasi, nywele za melesi (mnyama wa jamii moja na nyegere, anayeishi Ulaya na Asia), na nyuzi za viwandani. Chukua unywele mmoja uliochomoka, ushike kwa kibano, uuguse na moto. Wa mnyama utajikunja, utanuka nywele iliyoungua, na majivu yake yatasagika vidoleni. Wa kiwandani utayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kama ni wa mnyama na ni mgumu, unarudi ukiukunja, basi ni singa ya nguruwe. Wa melesi ni laini zaidi, na kwa kawaida una mkanda mweusi katikati na ncha nyeupe. Usidanganywe na mkanda huo peke yake, kwa sababu singa za nguruwe nazo hupakwa rangi zifanane.

Tofauti hizi zinabadilisha namna ya kuitumia. Singa ya nguruwe hunywa maji ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo inataka kulowekwa dakika tatu hadi tano ili ilainike. Usipoiloweka itanyonya maji kutoka kwenye povu lako wakati unanyoa, na povu litakauka usoni, jambo ambalo ndilo unalolalamikia. Melesi hushikilia maji zaidi kati ya nywele na nywele, na dakika moja inatosha. Farasi yuko katikati ya hao wawili. Nyuzi za kiwandani hazinywi maji kabisa, ukizichovya tu ziko tayari. Dau langu ni kwamba yako ni ya nguruwe.

Sasa usafi. Fanya hivi jioni moja ambayo huna haraka.

Lowesha brashi kwa maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono wako ungekaa ndani bila kuushtua. Usitumie maji ya moto sana. Nywele ni keratini, kama zako za kichwani, na maji yaliyochemka huzikakamaza na kuzifanya zikatike, tena hulegeza gundi iliyoshika kitita. Kisha weka shampuu kiganjani, kiasi cha harage, uizungushe brashi juu yake. Likishatoka povu, fungua nywele kwa vidole kuelekea shinani, uyapeleke mapovu huko chini, ukikandakanda taratibu kwa dole gumba kuzunguka mpini. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Suuza huku ukiendelea kukanda, kisha ikamue kwa kuifinya kiganjani. Tazama maji yanayotoka. Mara ya kwanza yatakuwa na weupe kama wa maziwa yaliyotiwa maji mengi. Rudia mpaka yatoke maangavu.

Kama maji unayotumia ni magumu, shampuu peke yake haitamaliza kazi. Maji magumu yana kalisi na magnesi, na madini haya hushikana na sabuni yakawa ukoga mweupe usiotoa povu wala kuyeyuka, unaojigandisha pale pale shinani. Utayajua kwa utando mweupe ndani ya birika, na kwa sabuni ya kuogea inayogoma kutoa povu. Dawa yake ni siki nyeupe ya jikoni: kijiko kimoja kikubwa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Tumbukiza nywele tu, mpini usiguse, kwa dakika tatu hadi tano. Lakini hakikisha umeisuuza vizuri kwanza, kwa sababu siki ikikutana na sabuni huigeuza kuwa mafuta yanayonata, na utakuwa umeongeza kazi. Baada ya siki osha tena kwa shampuu, maana na huo ukoga nao huacha mafuta ukivunjwa na asidi. Usilifanye hili kila wiki. Mara moja kila baada ya miezi kadhaa ni tosha, na penye maji laini huenda usihitaji siki kamwe.

Harufu ya mnyama ni suala jingine. Singa mpya za nguruwe huwa na harufu yake ya asili, na hiyo hupungua kadiri unavyozitumia. Ukitaka iishe upesi, pandisha povu zito, liache kwenye nywele usiku kucha brashi ikiwa wima, asubuhi uisuuze. Mara mbili tatu zinatosha. Lakini harufu inayoanza mwezi wa tatu, wakati mwanzoni haikuwepo, si ya mnyama. Ni uchafu, na ukiona vidoa vyeusi au vya kijani shinani ambavyo havitoki baada ya kuosha, huo ni ukungu uliozama. Hapo ningekushauri uiache, usiipake tena kwenye ngozi uliyoikwangua kwa wembe.

Tuje kwenye povu, jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, na ndilo watu wengi hulifanyia haraka.

Povu la kunyolea ni sabuni, maji na hewa, lakini kazi kubwa ni ya maji. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu sana kwa wembe. Ukikaa majini dakika mbili tatu huvimba, hulainika, na hukatwa kwa nguvu ndogo zaidi. Povu lipo ili kuyashikilia maji yale kwenye unywele na kuupa wembe utelezi. Povu lisilo na maji ya kutosha linapendeza kwenye kioo tu.

Kwa hiyo nawa uso kwa maji ya uvuguvugu brashi ikiwa inalowa. Toa brashi, ikung'ute mara mbili ili isichuruzike. Kama sabuni yako ni kipande kigumu, zungusha ncha za nywele juu yake kwa nusu dakika nzima. Hesabu kweli, maana watu wengi huacha kwenye sekunde ya kumi. Mwanzoni utaona mapovu makubwa yenye macho. Endelea. Yataanza kuwa madogo, kisha yatageuka uji mzito unaonata kwenye nywele, na mlio wa brashi juu ya sabuni utabadilika kutoka wa chubuchubu kuwa wa chini, mzito. Hapo umebeba sabuni ya kutosha. Nina hakika povu lako jepesi linatokana pia na sabuni haba, si uchafu wa shinani peke yake. Kama unatumia krimu, kiasi cha harage katikati ya nywele kinatosha.

Sasa ongeza maji kidogo kidogo. Chovya ncha tu za brashi kwenye maji, uzungushe ndani ya bakuli au moja kwa moja usoni, kisha chovya tena. Usiyamwage. Kila mchovyo utaona povu likibadilika: kwanza limefifia na linanata, halafu linaanza kung'aa, halafu ukiinua brashi kinabaki kilele kinachoinama. Simama hapo. Chukua kidogo katikati ya kidole na dole gumba, usugue. Vidole vikitelezeana bila kukwaruzana, liko tayari. Vikigandana, bado linataka maji. Likichuruzika na kuonyesha mapovu yanayohesabika, umezidisha, na tiba ni kurudi kwenye sabuni, si kuendelea kuzungusha.

Bakuli au uso? Vyote viwili hufanya kazi. Mimi hupandisha usoni kwa sababu kila mzunguko huingiza maji kwenye ndevu. Lakini kama ngozi yako huwashwa upesi, pandisha kwenye bakuli, halafu upake usoni kwa mikono mepesi. Na kama una ndevu za kujikunja zinazokuletea vipele, singa ngumu juu ya vipele vilivyovimba zitavichokonoa. Subiri vitulie. Vipele vile hutokea pale unywele uliokatwa unapojikunja na kurudi ndani ya ngozi, na brashi haiwezi kuzuia hilo peke yake. Unaposhika wembe, fuata zinakoelekea ndevu, usiurudie upande wa pili kinyume chake, na usikandamize.

Na hapa ndipo jibu la nywele zinazochomoka. Ukibonyeza brashi usoni hadi nywele zitawanyike kama kifagio, huku ukiizungusha, unazivunja katikati ya kitita, ambako hukunjwa zaidi. Baada ya muda utaona tundu katikati ya brashi kana kwamba mtu ametoboa. Anza kwa mizunguko, lakini iwe ya ncha tu, nywele zikiinama kidogo. Ukishapata povu zito acha kuzungusha, upake kwa mikupuo ya kwenda na kurudi kama unayepaka rangi mlango. Mwisho lilaze povu kufuata ndevu.

Kabla hujalaumu mkono wako, zichunguze nywele zilizotoka. Kusanya tano, uzilinganishe na urefu wa zilizobaki kwenye brashi. Zikiwa ndefu kuzidi zile zinazoonekana juu ya mpini, zimetoka na shina lake: ama hazikushikwa na gundi tangu kiwandani, ama gundi inaachia. Zikiwa fupi, zimekatika, na chanzo ni mkandamizo au maji ya moto. Brashi mpya kupoteza nywele chache kila siku kwa wiki chache za mwanzo ni kawaida. Kupoteza kumi kila unaponyoa mwezi wa tatu si kawaida, na kama zote ni ndefu una haki ya kuirudisha kwa aliyekuuzia. Kama kitita kizima kimelegea kikatoka kwenye mpini kikiwa kimoja, usihuzunike, hilo ndilo tatizo rahisi kuliko yote: safisha tundu, likauke kabisa, ukirudishe kwa gundi ya epoksi, uiache siku nzima.

Ukiona ncha za singa za nguruwe zimegawanyika mbili mbili, usidhani zinaharibika. Hivyo ndivyo zinavyolainika. Singa iliyogawanyika hushika povu vizuri na kuwa laini shavuni, na ndiyo sababu brashi ya nguruwe iliyotunzwa mwaka mmoja huwa nzuri kuliko siku uliyoinunua.

Baada ya kunyoa, suuza chini ya maji yanayotiririka ukifungua nywele kwa vidole hadi shinani, si juu juu. Ifinye, usiisokote kama nguo. Ikung'ute kwa nguvu mara kadhaa, kisha pitisha ncha kwenye taulo kavu, kwenda na kurudi, bila kukandamiza. Halafu iache wazi mahali penye hewa. Watu hubishana sana kama inafaa kuning'inizwa nywele zikitazama chini au kusimamishwa juu ya mpini wake. Mimi nimefanya vyote na sijaona tofauti, kwa kuwa maji machache yanayobaki baada ya kukung'uta hushikwa na nywele zenyewe, hayaendi popote kwa uzito wake. Kinachokausha ni hewa. Usiisimamishe juu ya nywele, zitapinda, na usiianike juani wala kuielekezea mashine ya kukaushia nywele. Mpini wa mti au wa pembe usikae majini hata kidogo, kwa sababu mti huvimba kisha hupasuka ukikauka. Unapoiloweka, maji yaishie chini ya shina, yasiufikie mpini.

Lile kasha ni la safari tu, tena lenye matundu. Ukifika, itoe ikauke. Nyumbani, kama vumbi linakusumbua, ifunike kwa kitambaa chepesi baada ya kukauka. Na kama hutaitumia miezi kadhaa, ioshe, ikauke siku mbili tatu, ndipo uifungie, kwa kuwa viwavi vya nondo hula nywele za mnyama kama wanavyokula sufu.

Kuhusu mdogo wako, mwambie kwa upole apate ya kwake. Kunyoa huacha mikato midogo isiyoonekana, na brashi hubeba unyevu na ngozi kutoka uso mmoja kwenda mwingine. Mba wa ndevu na maambukizi ya bakteria hupita kwa njia hiyo, na penye damu hofu ni kubwa zaidi, hasa ya homa ya ini aina ya B. Hakuna namna ya kuisafisha nyumbani baina ya watu wawili ambayo ningeisimamia bila kuiharibu.

Imebaki ya babu, na hapa nitakuomba uwe na subira kabla ya kuitia maji. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, biashara ya nywele za melesi ilivurugika, na watengenezaji wakageukia nywele za farasi kutoka Asia, wakizipa sura ya melesi. Baadhi hazikutakaswa ipasavyo, zikaja na kimeta. Kati ya 1915 na 1924 askari na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta usoni na shingoni kwa sababu ya brashi za kunyolea, na wengine walikufa. Ndiyo maana brashi nyingi za zama zilizofuata zina maandishi kwenye mpini yanayosema nywele zake zimetakaswa. Mbegu za kimeta hudumu miaka mingi sana zikiwa kavu, na kuchemsha kwa sufuria hakuziui kwa uhakika.

Hatari hiyo ni ndogo, lakini haina faida yoyote ya kuikabili. Kama brashi ya babu ni ya kabla ya 1930, au hakuna anayejua umri wake, usinyolee, wala usichokonoe kitita chake kikiwa kikavu, vumbi lake lisikuingie puani. Iweke kwenye mfuko uliofungwa. Kama unatamani mpini wa babu uwe mkononi mwako kila asubuhi, mpelekee fundi wa brashi na umweleze umri wake, ili akitoe kitita kikiwa kimelowa, akiwa amevaa glavu na barakoa, aweke kipya. Vingi vya siku hizi vina kipenyo kati ya milimita 20 na 26, na fundi atachagua kinacholingana na tundu. Kama ni ya miaka ya karibuni na nywele hazijaliwa na nondo, ifanyie ule usafi wa shampuu nilioueleza, uikague shina kwenye mwanga mkali, na kama halina doa iloweke kesho asubuhi.